Nakala kamili ya usiku bila msimamizi

Ndugu, umeuliza kwa nini nakala kamili ya IBM i (mfumo endeshi wa seva za IBM), kwa chaguo la 21 la menyu ya SAVE, linalohifadhi mfumo mzima, hukwama usiku hadi asubuhi. Mara nyingi mfumo huwa unasubiri jibu, kwa sababu tepu ya kuhifadhia data imejaa au ina faili ambazo muda wake wa kuhifadhiwa haujaisha. Hata ukichagua *NOTIFY, yaani ujumbe wa kawaida usikatize kazi, ujumbe unaodai jibu bado utasimamisha kazi. Kwa hiyo hakikisha data yote inatoshea kwenye tepu moja iliyoandaliwa mapema, la sivyo utahitaji maktaba ya tepu, yaani kifaa kinachobadilisha tepu chenyewe. Funga chumba cha konsoli (skrini ya kuendeshea mfumo), kwani konsoli hiyo hubaki imeingiwa ikiwa na mamlaka makubwa. Asubuhi soma kumbukumbu ya kazi, yaani orodha ya ujumbe wa yaliyotokea, uone kama nakala imekamilika. Jaribio la kurejesha mfumo mwachie mtaalamu, tena kwenye mashine nyingine, kamwe si ile inayoendesha biashara.