Kuhusu kuficha dadu ili mhusika wa mchezaji asife

Mleta uzi ameuliza kama mwendesha mchezo wa simulizi (yule anayesimulia hadithi na kuwaendesha maadui, huku kila mchezaji akiwa na mhusika wake na dadu likiamua matokeo) anaruhusiwa kuficha dadu na kubadili matokeo ili kumwokoa mhusika, kwa kuwa kundi lake la Lindi limegawanyika baada ya mchezaji mmoja kufiwa na mhusika aliyemlea kwa miezi mitatu, na sasa anataka arudishwe. Nitajibu kwa yaliyonipata mwenyewe hapa Shangani, Mtwara, ninakoendesha mchezo wa simulizi wa mezani kila Jumamosi kwa ndugu na majirani watano, tukifuata kanuni za Dungeons & Dragons za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014.

Tulipoanza hatukuwa na dadu la nyuso ishirini. Tuliandika namba 1 hadi 20 ndani ya vizibo vya soda, tukavitia kwenye kofia, na kila aliyetakiwa kurusha dadu alichomoa kizibo kimoja, akakisoma, akakirudisha. Hilo la kukirudisha si dogo: kikirudi, kila namba ina nafasi ya asilimia 5 kila mara, kikibaki nje, aliyekwisha kuchomoa namba mbaya anajua kwamba haitamfikia tena. Vizibo vya maadui nilivichomoa mimi nyuma ya faili kubwa la kazini, nikijiona mwenye hekima.

Hadithi yetu ilikuwa ya msafara wa zamani uliotoka Mikindani kwenda bara kwa kufuata bonde la Ruvuma. Jumamosi moja mpwa wangu wa miaka kumi na miwili alikuwa amebakiwa na pointi mbili za uhai mbele ya mnyang'anyi, nami nikachomoa 19, namba kubwa inayotosha kumpiga. Nilimtazama yule mtoto, nikasema mnyang'anyi amekosa. Juma lililofuata mdogo wangu, aliyekuwa na mchawi mwenye pointi 7 tu za uhai, aliniuliza hali ya maji kwenye kivuko, nikamjibu kwamba ni maangavu na yanafika magotini. Akaingia wa kwanza. Mamba akatokea, nikachomoa 20, ambayo kwa kanuni zile huzidisha dadu za madhara mara mbili. Nikapata 9 na 6, nikaongeza 2 za mamba mwenyewe, jumla 17. Madhara yanayobaki baada ya mhusika kufika sifuri yakilingana na uhai wake wote au kuuzidi, hufa papo hapo, bila kupewa hata nafasi za kupigania roho, yaani kurusha dadu kuona kama atapona. Saba zilimfikisha sifuri, zikabaki 10, kwa hiyo mchawi alikufa pale pale.

Mdogo wangu hakulalamikia ukali wa mamba. Alisema, “Kaka, kila mtu wa huku anajua Ruvuma ina mamba. Ila mimi nilikuuliza maji, ukaniambia ni maangavu. Na ile 19 ya Jumamosi iliyopita niliiona nilipopita nyuma yako kuchukua chupa ya chai.”

Alikuwa sahihi mara mbili. Kosa la kivuko lilikuwa la maneno yangu: mchezaji hana macho mengine katika ulimwengu ule isipokuwa yale ninayompa mimi, na mamba aliyejificha katika maji niliyoyaita maangavu hakuwa hatari ya mtoni bali mtego wa msimuliaji. Kosa la 19 lilikuwa baya zaidi, kwa sababu tangu niliposema uongo ule wa huruma, kila kifo kilichofuata hakikuwa tena cha dadu. Kilikuwa kifo nilichoamua kutokizuia. Anayecheza bao anajua kete zote 64 ziko wapi, hata akifungwa hana wa kumshuku. Mchezo wetu una siri nyingi za haki, lakini namba iliyokwisha kuchomolewa haipaswi kuwa mojawapo.

Tangu siku hiyo vizibo vinachomolewa katikati ya mkeka. Huruma yangu naitumia kabla ya kuchomoa, tena naitumia sana. Napunguza idadi ya maadui, nawapa wanyang'anyi sababu ya kutaka chumvi ya msafara na si maiti, ili waliozidiwa wakimbie na walioshinda waridhike na mzigo, na mtu anapoelekea pabaya namwambia nyayo alizoziona, ndege walionyamaza, na gharama yenyewe waziwazi: “Ukikosa hapa, unaanguka.” Akiendelea, ameamua mwenyewe. (Waendeshaji wapya wajihadhari pia na hesabu ya zamu: mnyama mmoja mkubwa akipambana na wachezaji wanne hupata zamu moja dhidi ya nne, ilhali mbwa mwitu wanane wanyonge huweza kuumaliza msafara mzima kabla hujamaliza chai yako.)

Kifo nacho si adhabu pekee. Jirani yetu mmoja alipofiwa na baba yake, tulikubaliana kwamba kwa muda wote atakaohitaji anayeshindwa atatekwa au atapoteza maji ya safari, na kwenye uwanda wa juu wa Makonde, ambako maji ni ya shida, kupoteza vibuyu kuliwatisha kuliko panga.

Kwa hiyo, mleta uzi, mimi nisingemrudisha yule mhusika kimyakimya. Ningeuliza mbele ya wote kama mchezaji alionyeshwa hatari kabla ya kuamua. Kama hakuonyeshwa, kiri kosa na mrudie tukio lile wote pamoja. Kama alionyeshwa, kifo kibaki kama kilivyo, lakini apewe mhusika mwingine jioni ile ile, kwa maana kukaa saa mbili pembeni ukiwatazama wenzako wakicheza ndiko kunakomfukuza mtu. Mdogo wangu nilimpa mpagazi mmoja wa msafara, ambaye hadi sasa ndiye anayetuongoza, naye kabla hatujaanza huvimwaga vizibo vyote ishirini mkekani na kuvihesabu, faili langu likiwa chini ya goti lake.