Muulize Shangazi: Unguja kila chakula kina saa yake

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu ni watu wa Mbeya, na mwezi ujao tunakwenda Unguja kwa mara ya kwanza. Mimi nataka nile wanachokula wenyeji. Mwenzangu ameapa ataishi kwa chipsi kuku za hotelini, kwa sababu rafiki yake alirudi kutoka huko anaharisha. Na pweza hataki hata kumtazama. Tule nini, wapi, bila kuumwa wala kulanguliwa?
Mama wa Wawili, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji kutoka Mji Mkongwe, na kila mgeni huniuliza aende wapi. Mimi huuliza kwanza ataamka saa ngapi. Wageni wengi hulala mpaka saa 3, wakala mayai ya hotelini, wakazunguka na jua, kisha wakangoja usiku waende Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe wanakouza vyakula. Hapo nusu ya chakula cha Unguja imeshawapita.

Amkeni mapema, mtoke Mji Mkongwe, mvuke barabara kuelekea Michenzani. Mtawakuta kina mama na vyuma vyao vya vitumbua. Vitumbua vya kwetu ni vya mchele, nazi na iliki, na vinataka kuliwa moto. Vikipoa vinakuwa vizito tumboni. Mkikuta mkate wa kumimina, ule wa mchele, msiupite. Muhogo wa nazi kwa ng'onda, yaani samaki mkavu, pia ni chakula cha asubuhi, ingawa harufu ya ng'onda itamshtua mtu wa nyanda za juu. Mume wako mwanzishie boflo, yaani mkate, na chai ya maziwa, huko hana pa kulalamika.

Mchana ni wali. Tafuteni mkahawa ambao makuli, madereva na watu wa maofisini wanakaa meza moja, kuzunguka soko la Darajani ipo mingi. Msiulize menyu. Ulizeni, "Leo kuna samaki gani?" Mkiambiwa changu, tasi au jodari, agizeni kwa wali wa nazi na mchuzi. Mkiambiwa "samaki wapo wa kila aina", kuleni maharage. Samaki wanashuka asubuhi Malindi, kwenye diko, yaani bandari ya wavuvi, na mpishi anayejua kazi yake anaweza kukutajia kilichoingia jikoni kwake. Ijumaa baada ya sala ndiyo siku ya biriani, lakini wahini, wanaochelewa huondoka na ukoko.

Sasa urojo, ambao huko bara mnauita Zanzibar mix. Ni supu nzito ya unga wa ngano na manjano, inayotiwa ukali wa embe mbichi au ukwaju. Ndani hutiwa viazi, bajia, kachori na mishkaki, juu chipsi za muhogo na chatine. Wakati wake ni baada ya alasiri, kuanzia saa 10, sufuria ikiwa inafuka na bajia zimetoka kwenye mafuta sasa hivi. Hapa ndipo ninapomjibu yule rafiki aliyeharisha. Supu inayochemka si ya kuiogopa sana. Mimi naogopa chatine ya nazi iliyokaa juani, kwa sababu nazi mbichi huchacha upesi, na barafu usiyojua imegandishwa kwa maji gani. Mwambieni muuzaji, "Chatine usinitilie." Hatanuna. Pilipili nayo tilieni wenyewe, kidogo kidogo.

Forodhani nendeni, siwakatazi. Bustani ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2009, inapendeza, na hata sisi tunapeleka watoto sikukuu. Ila tazameni ile mishikaki ya kamba na pweza iliyopangwa mezani: mingine imeshaiva zamani na inapashwa moto tu. Ulizeni bei ya kila kijiti kabla hakijatua kwenye sahani, na msikubali "tutahesabu baadaye, dada yangu". Mimi nikifika pale nakunywa juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, halafu namsimamia mtu wa Zanzibar pizza. Si ya Mtaliano ile. Ni chapati nyembamba inayokunjwa na nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ikakaangwa mbele ya macho yako. Kwa tumbo lenye wasiwasi, kitu ulichokiona kikiwa kibichi kikaiva hapo hapo ni salama kuliko chochote kilichopangwa kwa uzuri.

Pweza naye ana saa yake, ila hiyo ni ya bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hukauka sana mnamo saa 4 asubuhi, na upande wa Jambiani na Makunduchi wanawake huenda mwambani na vijiti kuwatafuta. Mkiwa huko siku hizo, kuleni pweza wa nazi jioni yake. Mume asilazimishwe. Mwambie tu kwamba wauza supu ya pweza wanasema inamfaa mwanamume, kisha uangalie pembeni.

Kama safari itaangukia Ramadhani, mchana mikahawa mingi imefungwa na si adabu kula njiani. Lakini ukialikwa futari, hiyo ni bahati: tende, uji, tambi, ndizi mbivu za nazi na samaki wa kukaanga. Usiende mikono mitupu, hata tende zinatosha.

SWALI: Shangazi, nakwenda Pemba kikazi. Huko nako kuna Forodhani?
Mhasibu, Tanga

JIBU: Hakuna, na usiitafute. Pemba hula majumbani, kwa hiyo jenga urafiki na wenzako wa ofisini mapema. Ukisikia harufu ya mkate wa mofa, unaookwa kwenye tanuri ya udongo, fuata moshi. Halua nunua Wete, na kataa iliyofungwa tayari mpaka umeonjeshwa: samli na iliki zijitangaze zenyewe, na isikwame kwenye meno. Wengi watakusukumia yenye lozi. Mimi huchukua ile isiyo na kitu.