Mbwa kutapika akiwa kwenye dawa ya viungo

Dada, kama huyo mbwa wako mzee hapo Tabata anatapika tangu aanze karprofeni ya baridi yabisi, dozi ya leo usimpe kwanza. Mpigie daktari wa mifugo aliyemwandikia. Dawa za aina hii hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo pia hulinda ukuta wa tumbo, ndiyo maana ni vizuri apewe na chakula. Kagua kinyesi chake: kikiwa cheusi ti, kinanata kama lami, hiyo ni damu, usingoje kesho. Fizi zikipauka, vivyo hivyo.

Diklofenaki au Brufen ya duka la dawa la mtaani usimpe hata robo kidonge (najua majirani watakushauri!). Na kama kuna aliyemchoma deksamethasoni karibuni, mwambie daktari, maana hiyo ni steroidi, nayo ikikutana na karprofeni tumbo linaweza kufanya vidonda hadi kutoboka.

Kutapika kukikoma, mpe wali laini na kuku wa kuchemsha, kidogo kidogo, bila kitunguu. Maji yasikosekane kwa joto hili la Dar. Kuirudia dawa ni mpaka daktari aseme.