Timu Imeshuka Daraja, Madeni Yamebaki: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Tuliwaomba wasomaji wa kusini watuletee maswali kuhusu fedha za klabu zilizoshuka Ligi Kuu. Tumechagua sita. Hesabu za shilingi zilizomo ni mifano ya kuonyesha njia. Weka bei za kwako.

Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya utendaji, Mtwara Mikindani. Timu imeshuka, mikataba ya wachezaji kumi bado ina mwaka mmoja kwa mishahara ya Ligi Kuu, na mwenyekiti anasema tutawalipa nusu "kwa sababu tumeshuka". Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kumzuia mwenyekiti. Kushuka daraja peke yake hakupunguzi mshahara wa mtu. Mshahara hupungua kwa njia mbili tu: mkataba wenyewe una kifungu kinachosema timu ikishuka malipo yatakuwa kiasi fulani, au mchezaji amekubali na kusaini nyongeza ya mkataba. Klabu ikilipa nusu kwa uamuzi wake yenyewe, nusu iliyobaki inageuka deni kila mwezi, na deni hilo ndilo linalokuja kuifanya klabu ifungiwe kusajili.

Wiki ya kwanza, katibu na mweka hazina watoe mikataba yote kabatini na kuiandika kwenye karatasi moja: jina, mshahara, tarehe ya mwisho, malimbikizo, fedha ya usajili ambayo haijamaliziwa, kifungu cha kushuka kama kipo. Klabu nyingi hugundua hapa kwamba hazina hata nakala. Ombeni kwa mchezaji au TFF, shirikisho la soka la nchi, kabla ya kuanza mazungumzo, maana huwezi kujadili karatasi usiyoiona.

Wiki ya pili, zungumzeni na mchezaji mmoja mmoja. Tuseme analipwa 800,000 kwa mwezi na amebakiza miezi 12. Mkimfukuza bila sababu ya haki, madai yake yanaanzia 9,600,000. Mkikubaliana kuachana kwa mishahara mitatu ni 2,400,000, na yeye anaondoka huru mapema akatafute timu kabla dirisha halijafungwa. Wengi hukubali, kwa kuwa uhuru wa kuondoka mwezi Juni una thamani kuliko ahadi ya mwaka mzima kwenye timu isiyo na hela. Andikeni tarehe za awamu, sahihi za pande zote, na sentensi kwamba baada ya awamu ya mwisho hakuna anayemdai mwenzake. Kosa linalojirudia ni kuahidi awamu ambayo klabu haina. Awamu ikikosekana, mmebaki na deni, mchezaji hamna, na safari hii mmelikiri kwa maandishi.

Anayebaki apewe nyongeza ya mkataba: mshahara wa chini, bonasi ya kupanda inayoeleweka, na ruhusa ya kuondoka kwa ada iliyotajwa kwa tarakimu.

Kisha pangeni bajeti upya kuanzia sifuri. Msichukue ya mwaka jana na kuikata asilimia. Fedha zilizoondoka ni za aina mbili. Kwanza mgao wa televisheni: mkataba wa TFF na Azam Media wa mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, uzito wake uko Ligi Kuu. Pili ni getini. Timu ya mkoani huishi kwa siku mbili za mwaka, Simba anapokuja na Yanga anapokuja. Uwanja wa Nangwanda Sijaona ukijaa siku hizo, mishahara ya miezi inapatikana. Championship, ligi mliyoshukia, haina siku hizo, na bajeti inayotegemea droo ya kombe kuwaleta ni bajeti ya bahati nasibu.

Kinachobaki palepale ni barabara. Ligi ya timu 16 ina mechi 15 za ugenini, na kutoka Mtwara hata ugenini wa karibu ni mbali. Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi, kwenda na kurudi 1,120. Basi linalokula lita moja kwa kilomita tatu litataka lita 373. Kwa 3,000 kwa lita ni kama 1,120,000. Watu 26, vyumba 13 vya 25,000 kwa siku mbili ni 650,000. Chakula cha 15,000 kwa mtu kwa siku tatu ni 1,170,000. Jumla 2,940,000 kabla ya kukodi basi, posho na dereva. Zidisha kwa 15: milioni 44.1. Na hiyo ni kama kila mechi ingekuwa Dar. Mwanza, Bukoba na Kigoma ziko mbali zaidi. Bei ya mafuta rekebisheni kila EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Dawa ya gharama hii inapatikana kabla ratiba haijatoka. Iandikieni Bodi ya Ligi mapema, mkiomba mechi za ugenini za upande mmoja zifuatane kwa siku nne au tano, mfano Pwani na Morogoro kwa safari moja. Kila mechi mbili zinazounganishwa zinaokoa safari nzima ya kurudi nyumbani. Na mechi za Machi hadi Mei wekeeni akiba ya siku moja. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar eneo la Kilwa. Timu inayoondoka siku moja kabla ya mechi haina pa kujitetea.

Mimi ni mchezaji, nipo Lindi. Sijalipwa miezi mitatu. Viongozi wananiambia nisubiri, na rafiki zangu wananiambia nisiende mazoezini mpaka nilipwe. Nifanye nini?

Mazoezini nenda, mdogo wetu. Ukiacha kwenda, klabu inapata cha kuandika dhidi yako: utoro. Kesi iliyokuwa yako inakuwa ya pande mbili.

Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema hivi: klabu ikikosa kulipa kinyume cha sheria angalau mishahara miwili ya mwezi katika tarehe zake, mchezaji anayo sababu ya haki ya kuvunja mkataba, ila kwanza aiandikie klabu kuidai na kuipa siku 15 kamili za kulipa. Barua iwe fupi: miezi gani, kiasi gani, kifungu gani cha mkataba, akaunti ya kulipia, siku ya mwisho. Peleka nakala mbili ofisini, moja igongwe muhuri na tarehe ubaki nayo. Wakikataa kupokea, itume kwa barua pepe rasmi ya klabu na kwa EMS ya posta, uhifadhi risiti. Ujumbe wa WhatsApp kwa mwenyekiti ni nyongeza tu, usiufanye ndiyo barua.

Usivunje siku ya kumi na nne. Wachezaji wenye haki kabisa hupoteza hapa kwa haraka ya kuwahi dirisha la usajili. Siku 15 zikiisha bila malipo, andika barua ya pili ya kuvunja mkataba, kisha fungua madai. Mtanzania anayeidai klabu ya Tanzania huanzia TFF, Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji. Mgeni anaweza kwenda FIFA, na huko shauri lisipite miaka miwili tangu tukio. Ambatisha mkataba, taarifa ya benki ya miezi yote, na orodha ya malipo ya M-Pesa hata ya 50,000 waliyokutumia "ya kula". Yatoe mwenyewe kwenye hesabu. Klabu ikiyaibua baada yako, unaonekana muongo hata kwenye yale ya kweli.

Dereva, mpishi na mtunza vifaa wana njia nyingine: CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 kwa aliyeachishwa kazi na siku 60 kwa madai mengine.

Mweka hazina, Masasi: Tulikuwa tunakata NSSF na kodi kwenye mishahara lakini fedha zilitumika kambini. Sasa TRA wametuandikia. Je, tukieleza kwamba timu imeshuka watatuelewa?

Hapana, kwa sababu hiyo fedha haikuwa ya klabu. Mlimkatia mchezaji, mkamlipia nayo hoteli.

Tazameni mshahara wa 600,000 kwa viwango vya mwaka wa fedha 2023/24. NSSF ya mchezaji asilimia 10 ni 60,000, inabaki 540,000 ya kutozwa kodi. Kodi ni 20,000 kujumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, yaani 24,000. Anapokea 516,000. Klabu nayo inaongeza NSSF 60,000, tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) asilimia 3.5 ambayo ni 21,000 kama ina waajiriwa 10 au zaidi, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF) asilimia 0.5 ambayo ni 3,000. Kwa hiyo mchezaji wa "laki sita" anaigharimu klabu 684,000. Kamati inayosaini mikataba kwa kutazama laki sita imeshapungukiwa kabla ya mechi ya kwanza.

Kodi ya mshahara (PAYE) hulipwa ndani ya siku saba za mwezi unaofuata. Kwa deni lililopo, pelekeni ritani zote hata kama hamna senti, maana adhabu ya kutowasilisha ni tofauti na riba ya kuchelewa kulipa. Kisha ombeni kwa maandishi kulipa kwa awamu, mkianza na malipo ya kwanza siku hiyohiyo. NSSF nao wanapokea makubaliano ya aina hiyo. Msinyamaze: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaruhusu deni la taasisi kuwafuata wasimamizi wake wenyewe.

Kuanzia sasa fungueni akaunti ya pili. Siku ya mshahara, makato yaende huko kabla mchezaji wa kwanza hajalipwa.

Mkulima, Tandahimba: Timu inatuomba michango Agosti, wakati sisi hata salfa ya mikorosho tumekopa. Hela huku ni Novemba. Hawalioni hilo?

Wanaliona, ila kalenda ya ligi imeandikwa mbali na mikorosho. Ligi inafunguka Agosti au Septemba, minada ya korosho inaanza Oktoba, na kati hapo timu imeshasajili, imekaa kambini na kusafiri mara tatu nne. Miezi hiyo miwili ndiyo inayoangusha klabu za kwetu, na kelele za mashabiki haziwezi kuizuia. Kinachofaa ni kuwaomba wakulima ahadi Agosti na fedha Novemba.

Kadi ya uanachama iishe Desemba badala ya Juni, ili kuihuisha kuangukie kwenye malipo ya korosho. Tiketi za mzunguko wa pili ziuzwe wiki za minada, vijijini, kwa wakala mwenye kitabu cha risiti chenye namba. Wenye maghala, wasafirishaji na wauza pembejeo waandikiwe Mei, wasaini Julai, walipe Novemba. Klabu isikope zaidi ya nusu ya ahadi zilizosainiwa, kwa kuwa msimu ukiwa na mvua mbaya wakati wa maua, au bei ikishuka mnadani, ahadi haziji zote.

Wengine wanapendekeza makato kwa kilo. Kwa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inayokusanya kilo 400,000, shilingi 5 ni 2,000,000. Ni fedha ya maana, lakini isikatwe bila mkutano mkuu wa wanachama kukubali, muhtasari kuandikwa, kiwango kutajwa na msimu wa mwisho kutajwa. Mkulima akiona kato asilolijua kwenye malipo yake, klabu imempoteza yeye, watoto wake na kijiji. Na fedha iende akaunti ya klabu moja kwa moja, kamwe isipitie simu ya kiongozi.

Shabiki, Ruangwa: Kuna mfanyabiashara anataka kuikopesha timu milioni 20 ili kijana wetu wa miaka 18 akiuzwa nje apate nusu. Ni sawa?

Si sawa, kataeni. Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa nje ya klabu kumiliki sehemu ya mauzo ya mchezaji. Akopeshe kwa riba na tarehe ya kurejesha, bila kumgusa kijana.

Njia halali ya kufaidika naye ipo. Akiuzwa kimataifa kwa ada, asilimia 5 hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu kuanzia wa miaka 16 una asilimia 0.5 ya ada. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una 0.25. Mkimlea misimu minne kuanzia 16 na akauzwa dola 200,000, haki yenu ni dola 4,000. Itakuja tu kama alisajiliwa kwenu rasmi kila msimu. Klabu nyingi huchezesha vijana kwa majina ya kuazima au huwasajili wakifika timu kubwa, na misimu yote ya nyuma haihesabiki. Mnapomuuza ndani ya nchi, andikeni pia asilimia ya mauzo yajayo. Klabu kwa klabu inaruhusiwa.

Mwanachama, Nachingwea: Akija tajiri, tumuuzie klabu yote tumalize madeni?

Klabu ya wanachama haiuziki yote: utaratibu wa serikali unaacha asilimia 51 kwa wanachama, mwekezaji asizidi 49. Kabla hajaketi mezani, kamilisheni daftari la wanachama, katiba iliyosajiliwa kwa Msajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT), na hesabu zilizokaguliwa. Orodha ya madeni mpeni yote siku ya kwanza, pamoja na yale ya mdomo kwa mama ntilie wa kambini na mwenye basi. Deni linaloibuka baada ya kusaini humfanya azuie awamu ya pili, nanyi mnakuwa mmeshasajili kwa kuitegemea.