Msumeno wa moto: unaojirekebisha wenyewe au wa bisibisi? Ushauri kwa mpasuaji wa Pemba

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kupasua mbao huniuliza hili kuliko jengine lolote: ninunue msumeno wa moto wa kawaida, ule unaorekebishwa kwa bisibisi, au huu wa kisasa wenye kompyuta ndani? Kwa mtu wa Pemba mwenye pesa ya mashine moja tu, jibu langu ni wa bisibisi. Lakini sababu zangu si zile zinazosemwa barazani, kwamba vya kompyuta havidumu. Vinadumu. Tena pistoni zilizoungua nilizozitoa kwa mkono wangu, nyingi zimetoka kwenye mashine za bisibisi. Kwa hivyo naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana mtu anaweza kununua mashine niliyomshauri na bado akaiua kwa msimu mmoja.

Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili. Haina pahala pa kuwekea oili yake kama honda. Oili yote inayolainisha pistoni na beringi huingia pamoja na petroli: mililita 20 kwa kila lita ikiwa mashine inataka 50 kwa 1, mililita 25 ikiwa inataka 40 kwa 1. Maana yake ni kwamba petroli inayoingia pamoja na hewa kwenye injini ikipungua, oili imepungua nayo, na joto limepanda. Hapo pistoni hukwaruzika, mara nyingi upande wa ekzozi, kisha mashine inapoteza mbano na kamba ya kuwashia inakuwa nyepesi mkononi. Ubishi wote wa kabureta ipi ni bora, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, umejengwa juu ya jambo hilo moja: nani anahakikisha petroli inayoingia inatosha? Ni wewe na bisibisi yako, au ni mashine yenyewe?

Kabureta ya kawaida ina skrubu tatu. L ni ya mzunguko wa chini, H ni ya mzunguko wa juu, na ya tatu ni ya kupandisha au kushusha mngurumo mashine ikiwa imekaa tu. Hii ya tatu kampuni ya Stihl huiandika LA, kampuni ya Husqvarna huiandika T. Ukizifunga L na H unapunguza petroli, ukizifungua unaongeza. Shida inaanzia kwenye H. Ukiifunga kidogo mashine hulia kwa ukali, na mteja hufurahi akidhani imeongezewa nguvu. Kilichoongezeka ni joto. Nimeona mashine nzuri kabisa zikiuliwa namna hii na watu wenye nia safi, na ndiyo maana nimesema pistoni nyingi zilizoungua ni za bisibisi. Bisibisi haina kosa. Ilikuwa mkononi mwa mtu ambaye hakufundishwa kusikiliza.

Sasa hizi za kisasa. Stihl wanauita mfumo wao M-Tronic, Husqvarna wanauita AutoTune. Hazina betri. Umeme wake unazalishwa na sumaku za gurudumu linalozunguka na kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, palepale unapozaliwa moto wa plagi. Ubongo mdogo hupima mzunguko wa injini, huigusa petroli kidogo kwa kutumia vali ya umeme iliyomo ndani ya kabureta, kisha hutazama: mzunguko umepanda au umeshuka? Kwa jibu hilo huamua iongeze au ipunguze, na kazi hiyo haikomi muda wote unaokata. Chujio la hewa likianza kuziba kwa vumbi la mbao, yenyewe hufidia. Ukibadilisha petroli, hufidia. Kwenye M-Tronic hata choki ya kuchezea haipo tena, kuna pahala pamoja tu pa kuwashia, mashine iwe baridi au moto. Kuna hata MS 500i iliyoingia sokoni mwaka 2019, hiyo haina kabureta kabisa, inapuliza petroli kama gari. Ni uhandisi wa kupendeza, na mimi sina chuki nao hata kidogo.

Ila jiulize mfumo huu ulikuja kuondoa taabu gani. Mkata miti wa Ulaya au Marekani anaweza kukata bondeni asubuhi na mchana akawa mlimani mita elfu na zaidi, ambako hewa ni nyepesi. Anakata kwenye baridi ya theluji na anakata kwenye joto la kiangazi. Kwa bisibisi angelazimika kurekebisha kila mara. Sisi Pemba hatuna pahala panapofika hata mita 150 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mkoani ukakata Chake, ukaja Wete, ukaishia Konde karibu na msitu wa Ngezi, kabureta haijui kama umesafiri. Joto letu halibadiliki sana tangu kaskazi mpaka kusi. Kabureta ya bisibisi ikishawekwa sawa hapa na mtu anayejua, hukaa sawa muda mrefu. Faida kubwa kabisa ya mashine ya kompyuta tunailipia bila kuitumia.

Upande wa pili tuna adui ambaye mkata miti wa milimani hamjui, hewa ya chumvi. Masika ikishuka, unyevu unaingia kila pahala, na waya mdogo wenye kiungo cha shaba hauwezi kuukwepa. Nimefungua mashine iliyokuwa ikizimika ovyo, kabureta safi, plagi safi, mbano mzuri. Kumbe kiungo cha waya unaotoka kwenye koili, inayotoa moto wa plagi, kwenda kwenye vali ya kabureta kimeota kutu ya kijani. Kukisafisha ni kazi ya dakika chache. Kukijua ndiyo kazi, kwa sababu mashine haikwambii. Watengenezaji wanavyo vifaa vya uchunguzi vya kuunganisha na kompyuta, vinavyosoma kumbukumbu za ubongo wake, na mimi kifaa hicho sijakiona kwa fundi yeyote hapa kisiwani. Vali ikifa, au koili yenye ubongo ndani ikifa, unaagiza. Spea itoke Dar es Salaam au mbali zaidi, ipande boti, na wewe mti umeshaangushwa uko chini, mwenye mti anakupigia simu, na wabebaji mbao wamekaa.

Mashine ya bisibisi ikinigomea shambani, ninayo mambo machache ya kutazama na yote yanaonekana kwa macho. Na hata kama mimi sipo, Pemba na Unguja tumejaaliwa mafundi wa vespa. Watu hawa wamekulia kwenye injini ya mipigo miwili, wanaijua petroli ya kuchanganya na wanaijua kabureta. Kabureta ya msumeno ina tofauti yake, haina boya, inafanya kazi kwa ngozi nyembamba za mpira ili mashine iweze kugeuzwa ubavu. Lakini mkono uliozoea vespa unaielewa haraka. Ngozi hizo huuzwa kwa seti, bei yake ndogo, na zikikauka ndiyo sababu ya kwanza ya mashine kukataa kuwaka baada ya kulazwa muda mrefu. Kwangu mimi, uaminifu wa mashine hauna maana nyengine: ikiharibika, nani aliye karibu anaweza kuitengeneza kabla jua halijazama?

Kuna jambo jengine ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo linalonifanya niwe mkali zaidi. Mashine ya kompyuta ina uwezo wa kuficha ugonjwa. Chukua sili za kranki zilizochakaa, au mpira unaounganisha kabureta na silinda umepasuka uzi mdogo. Hewa ya pembeni inaingia bila kupitia kabureta. Mashine ya bisibisi hupiga kelele mapema: ukiachia mafuta, yaani kitufe cha kuongeza kasi, haishuki haraka, mngurumo unapanda wenyewe, mnyororo unazunguka wakati haukutakiwa. Mwenye masikio anazima hapohapo. Ile ya kompyuta huongeza petroli kufidia, inaendelea kukata vizuri, nawe unaendelea kuiamini. Kidonda kinakua mpaka vali imefika mwisho wa uwezo wake, na siku hiyo hakuna onyo refu. Kwa hivyo mwenye mashine hizi asidanganyike kwamba hazitaki kutazamwa. Zinataka kutazamwa zaidi, kwa sababu zinalalamika kidogo.

Basi kama umechukua ya bisibisi, jifunze kuisikiliza. Usianze na skrubu. Anza na chujio la hewa, lioshe likauke. Noa mnyororo, kwa sababu meno butu yanafanana sana na mashine iliyokosa nguvu, na watu wengi hufungua kabureta wakati dawa ni tupa. Ukikata mnazi mkongwe utalijua hili, ganda lake la nje ni gumu mno na mchanga uliojificha kwenye makovu ya makuti humaliza ncha upesi. Tia petroli mpya. Washa mashine ipate joto la kazi. Hapo ndipo ushike bisibisi.

Anza na L. Igeuze aste aste mpaka upate mngurumo wa juu kabisa, kisha ifungue kidogo upande wa kuongeza petroli. Ukibana mafuta ghafla lazima ipokee mara moja. Ikisita, bado inataka petroli. Halafu ishushe kwa LA au T mpaka mnyororo usimame kabisa na mashine isizime. Mwisho H. Bana mafuta yote bila kukata kitu, kwa sekunde chache tu. Sauti unayoitaka si ile laini ya kupiga mluzi. Iwe na mkwaruzo, kama inagugumia kidogo. Kisha ingiza kwenye gogo: ikibeba mzigo, mgugumio utoweke na sauti inyooke, ukiitoa kwenye gogo, mgugumio urudi. Ikiwa sauti imenyooka hata bila mzigo, umefunga sana, ifungue sasa hivi. Na sisi tunaopasua mbao tuifungue kidogo zaidi kuliko anayeangusha miti tu. Kuangusha ni kazi fupi. Kupasua gogo la mwembe kwa urefu wake ni kubana mafuta yote dakika nzima nzima, na joto halipati pa kupumulia.

Hapa pana mtego. Baadhi ya mashine za bisibisi za siku hizi zina koili inayokata moto ikifika mzunguko fulani, ili injini isipitilize. Mkato huo nao hutoa sauti ya kugugumia. Fundi asiyejua huisikia akasema H iko sawa, kumbe petroli ni ndogo na kinachogugumia ni koili. Kwenye mashine kama hiyo ifungue H mpaka mzunguko ushuke wazi chini ya pale moto unapokatwa, usikie mgugumio wa petroli wenyewe, ambao ni mzito na wa chini zaidi. Kipima mzunguko kidogo cha kushika mkononi kinasaidia sana, na kama unaweza kukipata, kinunue kabla ya kununua mnyororo wa pili.

Petroli haina upendeleo, inaua aina zote mbili. Usinunue ya chupa iliyokaa juani kando ya njia. Usichanganye dumu zima ukaliweka mwezi baada ya mwezi. Changanya ya kazi ya siku hizo. Maji yakiingia, vali ya umeme huumia mapema kuliko tundu la kabureta ya kawaida. Na oili ya kuchanganya iwe ya mipigo miwili ya kweli, usitie ya gari.

Nani basi namshauri anunue ya kompyuta? Mwenye mashine ya pili akiba. Pia mwenye vijana wanaobadilishana mashine moja na hakuna hata mmoja anayeijua kabureta, maana hapo ubongo wa mashine utaokoa pistoni nyingi. Akishaichukua asiihangaikie, akibadilisha chujio au petroli, akate gogo kwa mafuta yote mara kadhaa ili ijipange upya. Na wote, kabla pesa haijatoka mfukoni, waanze kwa sheha na ofisi ya misitu waulizie kibali cha mashine na cha kila mti. Mkarafuu usiuguse kabisa bila karatasi.

Wengi wetu hununua mashine zilizokwishatumika, zinazoshuka na makontena kutoka nje, na huko za kompyuta zimeanza kuwa nyingi. Soma jina kwanza. Kwa Stihl, herufi C-M mwishoni, kama MS 261 C-M, maana yake ni M-Tronic. Husqvarna huandika AutoTune kwenye mwili wake. Kisha fungua ekzozi, ni skrubu chache tu, uitazame pistoni kupitia tundu lake. Ukiona mikwaruzo ya wima, irudishe. Tazama waya kati ya koili na kabureta. Halafu shika ekzozi kabla haijawashwa: ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, isubiri ipoe. Washa, kata mpaka tangi limalizike, jaza, iache ikae robo saa ikiwa na joto lake lote, kisha vuta kamba. Mashine yenye ugonjwa wa umeme au ngozi zilizokauka mara nyingi hukataa hapo, kwenye joto, ingawa asubuhi iliwaka kwa mvuto mmoja. Muuzaji asiyenipa robo saa hiyo sinunui kwake, hata akiteremsha bei nusu.