Kati ya injini yenye moshi na paa linalovuja

Ndugu, kati ya hayo magari mawili ya kulala safarini uliyoyaona hapa Mwanza, yaani Coaster yenye injini ya Toyota aina ya 1HZ inayotoa moshi mweusi na HiAce ambayo mwenyewe anakiri kwamba paa lake linavuja, mimi ningechagua Coaster. Injini hiyo ya dizeli, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, imefungwa pia katika Land Cruiser nyingi, hivyo mafundi wanaifahamu vizuri. Moshi mweusi mara nyingi hutokana na chujio la hewa lililoziba au nozeli (vipulizia mafuta) zilizochoka, ingawa moshi wa buluu, unaoonyesha kuwa oili inaungua, ungenifanya nisite. Maji yanayoingia kupitia paa ni jambo baya zaidi, kwa kuwa huozesha mbao na sakafu nyuma ya makabati, mahali ambapo macho hayafiki, na gharama yake haijulikani mpaka kuta zifunguliwe. Ukiendelea kuitamani HiAce, ikague mara baada ya mvua na ubonyeze kuta kwa kidole, hasa pembeni mwa madirisha.

Nakusihi uiwashe Coaster ikiwa imepoa kabisa, kisha uipandishe kilima cha Bugando huku ukitazama geji ya joto. Uliza pia mkanda wa taimingi, yaani ule unaoendesha valvu za injini kwa mpangilio, ulibadilishwa lini, kwani hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika huweza kuharibu valvu. Namba ya chesisi ilingane na ile ya kwenye kadi kabla hujatoa hata shilingi moja.