Redio kugoma kucheza CD uliyochoma

Dada, unasema kanda za taarab za marehemu baba umeshaziingiza kwenye kompyuta, ukachoma CD, lakini redio ya mama huko Temeke inaizungusha kidogo kisha inagoma. Redio haina kosa. Inaelekea ulichoma faili za MP3 kama data, na redio za zamani hazizisomi. Kwenye programu ya kuchomea chagua Audio CD; yenyewe itazigeuza ziwe sauti ya biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, ndiyo aina ya CD za kawaida ambayo redio inaisoma.

Ukishachagua hivyo, hesabu inakuwa ya dakika, siyo megabaiti. CD moja hubeba dakika 80 tu, hata faili ziwe ndogo vipi. Kwa hiyo kanda ya dakika 90 igawe, upande A CD yake, upande B yake.

Nunua CD-R, ile inayochomwa mara moja tu. Muuzaji wa Kariakoo atakusifia CD-RW kwamba inafutika. Achana nayo, inaakisi mwanga hafifu na redio nyingi kuukuu zinaikataa. Choma kwa mwendo mdogo, mimi hupenda 8x, na uhakikishe programu imeifunga CD mwishoni (finalize), yaani imeikamilisha ili redio iweze kuisoma. Jina andika kwa maka pen laini, siyo bolpeni: sauti imekaa chini kidogo tu ya upande ule wa lebo.